Kihisi cha leza ubavuni mwa bajaji: shajara ya mradi, Tanga

Januari, wiki ya mwisho

Leo tumeiandika kazi ubaoni kwa sentensi moja: dereva wa bajaji ajue kuna baiskeli kushoto kwake kabla hajakata kwenda pembeni. Basi. Hatutengenezi bajaji ya kujiendesha, wala breki ya kujifunga yenyewe.

Anayeishi Tanga hatauliza kwa nini tumeanzia hapo. Mji huu unatembea kwa baiskeli: wanafunzi, mafundi, wauza samaki wanaotoka Deep Sea alfajiri, wazee wanaokwenda msikitini. Kwenye barabara za namba za Ngamiani, kuanzia ya 1 mpaka ya 21, kila mtu anabanana kushoto. Abiria anasubiri kushoto, baiskeli inapita kushoto, na abiria akinyoosha mkono dereva anakata kushoto hapo hapo, mara nyingi bila indiketa. Saiti mira inatetemeka, turubai la ubavuni limeshushwa kwa ajili ya jua au mvua, na mwenye baiskeli hana pa kukimbilia ila mtaroni.

Tulibishana kidogo kama kihisi kiangalie mbele. Hesabu ilimaliza ubishi. Bajaji inayokwenda kilomita 40 kwa saa inamaliza mita 11 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki, zimekwisha mita 16 na zaidi kabla tairi halijaanza kukamata. Breki zikipunguza mwendo kwa kiasi cha kawaida, ongeza mita 15. Jumla imepita mita 30. Vihisi vya leza vinavyouzwa kwa bei tunayoimudu vinaona mita 4, tena kivulini. Kumfungia dereva kitu hicho mbele na kumwambia kinamlinda ni kumdanganya, na mimi sitakubali jina letu likae kwenye udanganyifu wa aina hiyo.

Kushoto mambo ni tofauti. Baiskeli na bajaji kwenye msongamano zinatofautiana mwendo kwa mita 2 au 3 tu kwa sekunde. Hapo mita 4 ni zaidi ya sekunde nzima ya onyo. Hiyo ni kazi ambayo chipu ndogo inaweza kuifanya.

Mzee mmoja wa kijiwe tunachoshirikiana nacho alikuja karakana kuangalia. Aliuliza swali moja.

"Fundi, hicho kidude kitauzwaje?"

"Bado hatujajua, mzee wangu. Wewe ungelipa ngapi?"

"Bei ya tairi moja. Ikizidi hapo nitanunua tairi."

Imeandikwa ubaoni chini ya sentensi ya kwanza: *kifaa kizima, bei ya tairi moja.*

Februari

Mwezi wa kusoma. Binti anayetuandikia programu alitaka kujua kwa nini lida za magari ni ghali ilhali kihisi cha simu ni cha bei rahisi na vyote vinatumia leza. Ni swali la msingi kwa mradi wote, kwa hiyo naliandika kwa urefu.

Lida hutuma mpigo wa mwanga, mwanga unagonga kitu, unarudi, saa inahesabu. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Kwa kuwa unakwenda na kurudi, nanosekunde moja kwenye saa ni sentimita 15 barabarani. Ukitaka usahihi wa sentimita 3, saa isikosee zaidi ya sehemu ya tano ya nanosekunde. Zamani saa ya namna hiyo ilikuwa mashine ya maabara. Sasa imo ndani ya chipu ya silikoni, imekaa pembeni ya saketi nyingine. Gharama haiko kwenye saa tena.

Iko wapi basi? Tazama lida iliyopata jina mwaka 2007 huko Marekani, kwenye mashindano ya magari yasiyo na dereva yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Magari 6 yalimaliza, na 5 kati yao yalibeba juu ya paa HDL-64E ya Velodyne. Ilikuwa na leza 64, kila moja na kipokezi chake, na kichwa kizima kilizunguka. Bei yake ilikuwa karibu dola 75,000. Leza yenyewe na kipokezi chenyewe si vitu vya bei hiyo. Bei ilitoka kwenye kuzielekeza leza moja moja zitazame sawasawa na vipokezi vyake, kuzifunga zisitikisike, kuzipima, na kufanya kazi hiyo kwa magari machache tu.

Wazo la kuweka lida kwenye chipu limezaliwa hapo: badala ya kulinganisha vipande 64 kwa mkono, vichore vyote pamoja kwenye silikoni, vikae sawa tangu kiwandani. Kuna njia mbili, na zimefika mahali tofauti.

Njia ya kwanza imebebwa na simu. Leza za aina ya VCSEL hutoa mwanga kwa juu ya chipu badala ya ubavuni, kwa hiyo unaweza kupanga mamia kwenye kipande kimoja na kuzipima kabla hazijakatwa. Upande wa kupokea kuna SPAD, vipokezi vinavyoshtuka hata kwa fotoni moja, chembe moja ya mwanga, navyo ni silikoni ya kawaida. Simu zilinunua chipu hizi kwa mamilioni, kwanza kwa kupima umbali wa kamera, na mwaka 2020 Apple ikaweka lida kamili kwenye iPad Pro na iPhone 12 Pro. Viwanda vya lida za magari vimefuata njia hiyo hiyo. AT128 ya Hesai, kampuni ya China, ina leza 128 za VCSEL na kioo kimoja kinachozunguka kwenye mhimili mmoja tu. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilipeleka sokoni lida zaidi ya 500,000, na ikatangaza lida ya kizazi kipya kwa bei ya chini ya dola 200.

Kutoka 75,000 mpaka 200 ni anguko la ajabu. Lakini dola 200 ni karibu nusu milioni ya shilingi, na bei hiyo ni ya mtengenezaji wa magari anayeagiza kwa maelfu. Karakana ya Ngamiani inayoagiza chache haiuziwi hivyo. Gari la dola 30,000 linaweza kuibeba. Bajaji haiwezi.

Njia ya pili ni ya kupitisha mwanga ndani ya silikoni yenyewe, kama umeme unavyopita kwenye waya. Hiyo nitaiandika nikimaliza kuisoma vizuri, ina mengi.

Machi, wiki ya kwanza

Tumechagua wiki hii kwa makusudi. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linasimama utosini. Likirudi hivyo tena ni mwanzoni mwa Oktoba. Kihisi kikifaulu sasa, kimefaulu mwaka mzima.

Chipu tuliyoichagua ina leza ya nanomita 940 na vipokezi vya fotoni vilivyopangwa 16 kwa 16. Namba 940 ina sababu nzuri. Mvuke wa maji hewani humeza sehemu ya mwanga wa jua kwenye urefu huo wa wimbi, kwa hiyo jua lenyewe lina upungufu hapo. Hewa yetu ya pwani yenye unyevu kwa mara moja inasaidia elektroniki.

Inasaidia kiasi. Karatasi ya mtengenezaji inasema wazi: kwa mpangilio wa masafa marefu, gizani kihisi kinafika mita 3.6, na kwenye mwanga mkali kinashuka mpaka sentimita 73. Kwa mpangilio wa masafa mafupi kinafika mita 1.36 gizani na mita 1.35 kwenye mwanga. Tulitoka saa sita na ubao mweupe, tukapima mchangani, na vipimo vyetu vimekubaliana na karatasi hiyo. Juani, ukiomba kuona mbali unaona karibu zaidi kuliko aliyeomba kuona karibu.

Sababu ni hii. Kipokezi kikishapigwa na fotoni moja kinapofuka kwa nanosekunde kadhaa. Hakijui kama fotoni ile ni ya leza yetu au ya jua. Ukipanua muda wa kusubiri ili mwanga wa mbali upate kurudi, unaliachia jua nafasi zaidi ya kukijaza. Mwanga unaorudi kutoka kwa kitu kikubwa unapungua kwa mraba wa umbali: ukizidisha umbali mara mbili, unapata robo. Jua halipungui. Hapo ndipo lida zote za mpigo zinapohangaika, iwe ya simu au ya gari la kifahari.

Mwenzangu anayeshughulikia vyuma alishauri tuongeze nguvu ya leza. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Mwanga wa 940, sawa na wa 905 unaotumika kwenye lida nyingi za magari, unapita kwenye mboni na kukusanywa na lenzi ya jicho kwenye retina, na kwa kuwa hauonekani mtu hakwepeshi macho. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 kimeweka daraja la 1, la leza zisizodhuru macho, kwa ajili hiyo, na chipu yetu imo ndani ya daraja hilo ikitumika kama ilivyotengenezwa. Ubavu wa bajaji uko kimo cha macho ya mtoto wa darasa la pili. Hatuongezi chochote.

Wanaotaka nguvu zaidi hukimbilia nanomita 1550. Mwanga huo humezwa na maji ya mbele ya jicho kabla haujafika nyuma, hivyo sheria inaruhusu nguvu kubwa zaidi. Lakini silikoni haiuoni mwanga uliopita nanomita 1100 hivi. Inabidi kipokezi cha indiamu, galiamu na aseniki, au cha jemaniamu, na bei inapanda. Kila mlango unaoufungua kwenye kazi hii una mlango mwingine nyuma yake.

Jambo lililonifurahisha zaidi wiki hii: tumepima vitu vya barabarani kwetu. Tairi la baiskeli ni kiza kitupu kwa leza, kwa sababu lina masizi ya kaboni ambayo humeza mwanga usioonekana sawa na unaoonekana. Buibui jeusi tuliloazimwa na jirani lilirudisha mwanga vizuri ajabu. Rangi nyingi za vitambaa vyeusi ni nyeusi kwa macho yetu tu. Kwenye nanomita 940 zinang'aa. Kwa hiyo mama aliyekaa nyuma ya baiskeli na buibui lake anaonekana kuliko baiskeli iliyombeba. Kihisi kikae kimo cha kiwiliwili, wala kisitazame magurudumu. Reflekta nyekundu ya nyuma ya baiskeli inarudisha mwanga mwingi kiasi cha kukijaza kihisi, lakini tukiwa ubavuni inatazama pengine.

Uamuzi: mita 1.3 za mchana zinatosha kwa kazi yetu, maana baiskeli iliyo ndani ya mita hiyo ndiyo inayogongwa. Vihisi vitatu kwenye ubavu wa kushoto, cha nyuma kikitazama mshazari. Programu isome mwanga wa mazingira na kuchagua yenyewe masafa mafupi mchana, marefu usiku.

Machi, mwisho

Vihisi vyote vinatoka kiwandani na anwani moja ile ile, kwa hiyo vikikaa kwenye waya mmoja vinajibu kwa pamoja. Kila kimoja kimepewa waya wake wa kuzimwa. Mikrokontrola, kompyuta ndogo ya kifaa, inaviwasha kimoja baada ya kingine na kukipa anwani mpya. Linafanya kazi. Hakuna zaidi la kusema.

Aprili, masika

Mvua imeanza, na sasa tunaona kitu ambacho karatasi nyingi za lida hukitaja mstari mmoja tu: dirisha.

Chipu haiwezi kukaa wazi. Inahitaji kioo mbele yake, na kioo hurudisha sehemu ndogo ya mwanga moja kwa moja kwenye kipokezi. Kikiwa safi, unakipima mara moja, unakitoa kwenye hesabu. Kikichafuka, kiasi kile kinabadilika kila saa. Tumejaribu akriliki ya mafundi wa mabango kwa unene mbalimbali. Nyembamba ndiyo nzuri, iliyogusana na chipu bila nafasi ya hewa, na kipande cha sponji jeusi kati ya tundu la leza na tundu la kupokea. Kwa namna hiyo mwanga unaoruka ndani ya kioo umepungua sana.

Kisha tumekwenda na bajaji mpaka Raskazone, tukaiacha ufukweni usiku wa upepo. Asubuhi dirisha lilikuwa na utando wa chumvi usioonekana kwa macho, ila kihisi kilikuwa kinaona "kitu" sentimita chache mbele yake. Njia ya Pongwe ina shida nyingine, vumbi jeupe la mawe ya chokaa. Vumbi likichanganyika na mvua linakuwa uji unaokauka juu ya akriliki na kukwaruza mtu akifuta kwa kitambaa kikavu. Matone ya maji nayo yanaonekana kama vitu vilivyo karibu. Na lami iliyolowa haituletei mwanga. Inaupeleka mbele, kwa hiyo kihisi kilichokuwa kinaiona barabara kavu sasa hakioni chochote chini.

Watengenezaji wakubwa wanalijibu hili kwa vipasha joto ndani ya kioo, pampu za maji, vipangusio, rangi maalumu za kuzuia maji. Yote hayo ni gharama, na hakuna hata moja lililo ndani ya chipu. Ongeza masharti ya vipuri vya magari: chipu ya gari hupimwa kwa kiwango cha AEC-Q100, ambacho daraja lake la 1 ni kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 125. Ongeza ISO 26262, kiwango kinachotaka uthibitishe kuwa kifaa kikiharibika kitaharibika kwa njia isiyoua mtu. Chipu ile ile ya simu, ikipita kwenye majaribio hayo yote, inatoka na bei nyingine.

Sisi hatuna pampu wala kipasha joto. Tumefanya jambo dogo ambalo nadhani ndilo la maana kuliko yote tuliyofanya hadi sasa. Kitu kinachoonekana chini ya sentimita 10 bila kusogea kwa muda kinahesabiwa kuwa ni uchafu, na taa ya njano inawaka karibu na usukani: *dirisha chafu, usinitegemee.* Kifaa kinachosema kwamba hakioni ni bora kuliko kinachonyamaza. Dereva anayeamini kifaa kilichopofuka yuko hatarini kuliko asiye na kifaa.

Mei

Bajaji ya kwanza iko barabarani. Vijana wa kijiwe wamekuwa wakali, na nawashukuru.

Malalamiko ya kwanza yalikuja siku ile ile. "Kaka, kinalia hata nikiwa nimesimama kijiweni. Abiria wanashuka wanauliza kama gari limeibiwa." Ni kweli. Kijiweni kuna watu, bajaji nyingine, ukuta, muuza kahawa. Kihisi kinawaona wote na hakikosei, ila onyo lisilo na kazi ni kelele, na dereva aliyechoka na kelele anakata waya. Akishakata, fizikia yote ya mwezi wa tatu haina faida.

Tukakaa na wale madereva chini ya mwembe, tukawauliza onyo litolewe lini. Mzee wa bei ya tairi ndiye aliyelimaliza: "Mwanangu, mimi nikiwa nakwenda moja kwa moja sitaki kuambiwa kitu. Niambie mkono wangu unapoanza kukata." Indiketa haifai kuwa kiwashio kwa sababu wengi hawaitumii wanapokimbilia abiria. Tumebandika sumaku ndogo kwenye mhimili wa usukani na kihisi cha sumaku pembeni. Usukani ukianza kwenda kushoto na kuna kitu ndani ya mita 1.3 kinachosogea, taa nyekundu na mlio mfupi. Usukani ukiwa sawa, taa ndogo tu bila sauti. Bajaji ikisimama, kimya.

Malalamiko yamepungua sana. Kijana aliyesema habari ya gari kuibiwa amekataa tusikitoe kwenye bajaji yake tulipotaka kukirudisha karakana.

Umeme wa bajaji umetupa kazi. Kuwasha mota ya starta kunashusha betri ya volti 12 mpaka mikrokontrola inajizima na kuanza upya, na plagi inatupa kelele kwenye nyaya za mawasiliano. Nyaya zimefupishwa, kasi ya mawasiliano imepunguzwa, na kuna kapasita kubwa na fyuzi kwenye njia ya umeme. Fundi umeme yeyote wa magari Tanga angetuambia hayo, na kwa kweli mmoja alituambia.

Juni, kusi limeanza

Binti wa programu ameuliza swali ambalo nimekuwa nalo kichwani tangu Februari: tungoje? Kwamba lida za silikoni za njia ya pili zitafika, zitakuwa na bei ndogo, zitaona mita 200 juani, na kazi yetu ya sasa itakuwa imepitwa. Nimesoma nilichoweza, na hili ndilo jibu langu.

Njia ya pili inavutia kweli. Leza haitumi mpigo. Inawaka muda wote na masafa yake, hapa maana yake mitetemo ya mwanga kwa sekunde na si umbali, yanapandishwa taratibu. Mwanga unaorudi umechelewa, kwa hiyo masafa yake yako nyuma kidogo ya mwanga unaotoka sasa. Ukizichanganya pamoja unapata mtetemo, kama nyuzi mbili za udi zinazokaribiana bila kulingana. Mtetemo huo unakupa umbali, na kitu kikiwa kinasogea unakupa na mwendo wake papo hapo: kwenye nanomita 1550, mita 1 kwa sekunde inasogeza masafa kwa megahezi 1.29. Jua halisumbui, kwa sababu kipokezi kinaitika kwa mwanga unaolingana na leza yake tu. Kila kitu kilichotutesa Machi kinaondoka.

Na kimeonyeshwa maabara. Mwaka 2013 watafiti wa MIT walichora antena 4,096 za mwanga kwenye mraba usiofika hata milimita 0.6 kila upande. Mwaka 2022 kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha antena 16,384 zenye swichi ndogo mno za kimakanika, kwenye chipu ya milimita 10 kwa 11, bila kioo kinachozunguka.

Halafu tazama gharama zinapojificha. Silikoni inapitisha mwanga vizuri lakini haitoi mwanga. Leza inabidi itoke kwenye indiamu fosfaidi, itengenezwe kwingine, iletwe, ibandikwe. Njia ya mwanga ndani ya silikoni ina upana wa nusu mikrometa. Leza ikikaa pembeni kwa chini ya mikrometa moja, sehemu kubwa ya mwanga inapotea kabla ya safari kuanza. Kwa hiyo mashine huiwasha leza, huisogeza huku ikipima, ikipata mahali pazuri inagandisha gundi, na gundi ikikauka inaweza kuvuta. Hayo ni kwa kila chipu, moja moja. Tumerudi kwenye kulinganisha vipande, kama mwaka 2007, safari hii kwa mashine ya bei kubwa na kwa vipimo vidogo zaidi.

Leza yenyewe haiwezi kuwa ya kawaida. Ili mwanga uliokwenda mita 200 na kurudi uweze bado kulingana na unaotoka, rangi yake iwe safi mno, upana wa masafa yake uwe chini ya kilohezi mia chache. Na kuelekeza mwanga bila kioo kunataka antena zikae nusu ya urefu wa wimbi, nanomita 775. Zikikaribiana hivyo zinavujishiana mwanga. Zikiachana, inatokea miale ya pembeni inayoonyesha vitu mahali visipo. Kila antena inarekebishwa kwa kupashwa joto kidogo, na joto la moja linamfikia jirani.

Kampuni zenye fedha nyingi zimepima haya. Mobileye ilikuwa inatengeneza lida ya namna hii kwa ajili ya magari. Septemba 2024 ilitangaza kuifunga idara hiyo, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba bei ya lida za mpigo ilikuwa imeshuka kuliko ilivyotarajiwa. Wengine wanaendelea, na natamani wafanikiwe. Mtu atakayepata namna ya kubandika leza juu ya silikoni kwa maelfu kwa mpigo, bila kuitafutia mahali moja moja, atakuwa ameshusha bei kuliko yeyote aliyeongeza antena.

Lakini hatungoji. Chipu ya mita 4 ipo leo, bei yake imeshushwa na simu za dunia nzima, na mwenye baiskeli wa Makorora yuko barabarani leo.

Hesabu ya gharama imefanyika jana. Vihisi vitatu, mikrokontrola, boksi, nyaya, kapasita, sumaku, akriliki. Chipu zenyewe ni sehemu ndogo ya jumla. Boksi lisilopitisha maji na kazi ya mikono ya kuunga, kupima na kusahihisha dirisha ndivyo vilivyokula zaidi. Kwa sasa tuko juu ya bei ya tairi moja, chini ya bei ya mawili. Mzee ameambiwa, akasema tuendelee kukata.

Mahali pa kukata panajulikana. Boksi la kununuliwa litabadilishwa na la kumiminwa na fundi wa plastiki hapa mjini, tukiagiza mengi kwa pamoja. Upimaji wa dirisha, ambao sasa unafanywa na mtu kwa kila kifaa, utafanywa na programu yenyewe kila bajaji inapowashwa asubuhi ikiwa imesimama. Tunajaribu pia chipu moja yenye kanda 8 kwa 8 badala ya vihisi viwili vya nyuma. Inasoma polepole, mara 15 kwa sekunde kwa kanda zote, lakini inaokoa boksi moja na nyaya zake. Ikishindwa kwenye jua la Oktoba, tutabaki na vitatu.

Julai bajaji nyingine za kijiwe zitafungwa, kwa sharti ambalo kila dereva amelikubali mbele ya wenzake: taa ya njano ikiwaka, kifaa kihesabiwe hakipo mpaka dirisha lioshwe kwa maji.